Swali la Alfajiri

Nyumbani kwetu Mikindani nilifunzwa
kumpokea mkubwa mzigo, si kumpokonya neno.
Baba akikosea hesabu ya chenji dukani
tulitazama vidole vyetu vya miguu
tukaiacha hasara itimie kwa heshima.

Leo, saa kumi na moja kasorobo,
mvua ya masika imeuacha uwanja uking'aa kama sinia.
Nahodha Shebwana anaingia, shati limepigwa pasi,
mafuta ya karafuu shingoni,
macho mekundu kama ya mkata vitunguu vya harusi.

Jana, kabla ya magharibi, alikuwa amekwisha kutua.
Karatasi yasema amepumzika.
Karatasi haikai Majengo.
Haina jirani aliyekodi spika kwa siku tatu,
haina mtoto wa miezi saba anayeota meno,
haikuamka saa nane usiku kukamua kitambaa cha maji.

Nje, Kahindi anapita na gari lake la fataki
akiwatawanya kunguru waliovuka kutoka jaani.
Anafukuza ndege ili ndege iruke:
jina moja, mmoja ana damu, mwingine ana mafuta,
na wakikutana angani hakuna anayemwomba mwenzake radhi.

Nasoma orodha. Yeye anajibu.
Kipimo cha hewa?
"Elfu moja na kumi na tatu."
Mnara umetupa elfu moja na tisa.
Narudia. Anajibu vile vile,
kwa sauti ya mtu anayeitikia salamu njiani.

Nambari nne tu. Futi mia na ushei,
mnazi wa Kisauni umebebwa na mnazi mwenziwe.
Ningeweza kusahihisha kimya kimya.
Nimewahi, mara mbili, na wengine.
Tukatua salama,
na salama ile ikanifunza uwongo.

Nyuma yetu, watu mia na wanne.
Wa kiti cha mbele amepakata katoni ya halwa,
simu sikioni: naam, naam, twaondoka sasa hivi.
Ofisini kuna ubao, dakika zina bei,
na kila dakika nyekundu ina jina la mtu.

Sauti ilitoka nyembamba, ya yule mtoto wa dukani:
"Nahodha, jana ulipata usingizi kiasi gani?"

Kifuta-mvua kikaenda. Kikarudi.
Mistari minne ya bega lake
haijapata kuwa karibu na jicho langu namna ile.
"Wanihoji, Riziki?"
"Nakuuliza, Nahodha."

Akakitazama kipimo. Akakitazama tena.
Akavua visikizi, akaviweka mapajani
taratibu, kama anayelaza mtoto asiyetaka kuamka,
akaiita ofisi:
"Sifai kuruka. Leteni mwingine."
Hakumtaja mtoto. Hakumtaja jirani.

Tulichelewa saa mbili na dakika arubaini.
Mwenye halwa alituita majina
yasiyofaa kutamkwa mwezi wowote.
Nahodha Mwadime akaja na matope ya Jomvu viatuni,
tukaruka, tukafika, na hakuna aliyepiga makofi.

Ajali isiyotokea haina picha.
Haina shahidi, haina tume, haina tanga la siku tatu.
Huenda Shebwana angechangamka tukishapita mawingu,
akawa mzima kuliko mimi niliyelala saa nane
nikiota mitihani.
Sitajua. Nimeigeuza geuza siku nzima
kama jino bovu kwa ulimi,
na sitajua.

Jioni niliporudi nilikuta kijikaratasi
kwenye kisanduku changu cha barua, hati ya peni ya bluu,
herufi zimelala upande mmoja:

*Saa mbili na robo.
Samahani kwa kuchelewesha jibu.*