Hatua ya Kumi na Tisa

Kitabu chenye miraba, penseli i mkononi,
Kila pigo nikakaba, nikalifungia ndani,
Wiki sita, siku saba, ghorofani Kayoleni,
Nikapanga, nikapanga, kama fundi na tofali.

Jirani alipolala, nikatwanga yangu mito,
Hatua nane za sala, nane zipande kwa joto,
Kumi na sita za hila, zimwagike kama mto,
Nikapanga, nikapanga, kama fundi na tofali.

Ijumaa, huko Ngara, meza zote zimejaa,
Tarumbeta ikachora mwisho wake wa kung'aa,
Mutheu, kwa yake sura, kanambia: Haya, twaa!
Nikapiga, nikapiga, kama fundi na tofa—

Hatua ya kumi na tisa
ngozi ya sneya ikaachia.
Si kwa kishindo. Kwa sauti ya mtu anayechana shuka
chumba cha pili.
Fimbo ya kulia ikazama
kama mguu kwenye mtaro uliofunikwa kwa kadibodi.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka.
Hawakusema mpigaji afanyeje
na hatua kumi na tatu zilizobaki.

Ukurasa wa nne niliujua kwa moyo.
Ulisema: sneya, sneya, sneya, kimya, sneya.

Hapa ndipo mtu hutakiwa kusimulia
kwamba roho ilishuka, mikono ikajiongoza yenyewe.
Uongo. Niliogopa,
jasho likaniingia jicho la kushoto,
na kwa jicho lililobaki nikamwona Nafula kaunta,
anarudisha chupa tupu kwenye kreti:
nne, kimya,
mbili, kimya,
moja.
Hakuwa anapiga muziki. Alikuwa anataka kwenda nyumbani.

Nikamjibu kwenye ukingo wa chuma.
Akatia chupa nyingine. Nikajibu.
Akatia mbili, nikazirudisha nikiongeza riba,
mguu wa kulia chini ukishika mwendo
maana mguu haukuwa na habari ya msiba.
Ndipo akagundua. Akainua uso,
chupa mkononi, haijashuka,
ukumbi mzima ukiingoja chupa ya Fanta,
na kule kusita kwake
kulikuwa kimya kikubwa kuliko vyote nilivyovifungia chumbani.

Kisha akaishusha. Taratibu.
Bendi ikaingia nyuma yake, wala si nyuma yangu.

Odero, mwenye bendi, akanihesabia elfu mbili
akaongeza mia tano, "ya ile kitu."
"Ijumaa ijayo," akasema, "vile vile."
Mutheu anafunga besi kwenye mfuko wake:
Ile uliipanga lini?
Nikamwambia, wiki sita.
Baadaye, tukishuka ngazi, nikamwambia sikuipanga.
Hakuniuliza lipi ni lipi. Afadhali,
kwa sababu mkono wa kushoto ulijua pa kuangukia
ukingoni, gizani, bila macho,
na haukujifunza hayo kwa Nafula,
ulijifunza kwa mito.

Jumamosi nikanunua ngozi mpya Luthuli
kwa elfu mbili na mia tatu.
Usiku nikafungua kitabu ukurasa safi.
Chupa nne: nukta nne. Ukingo: msalaba.
Riba niliikumbuka karibu yote.
Hatua ya ishirini na saba imepotea kabisa,
nimeitilia viraka, haifanani.

Nikafika pale aliposita.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika,
raba ikatoboa karatasi.
Kusita kwa mtu mwingine kunachukua miraba mingapi?
Nikiuacha wazi, Ijumaa nitadhani nimesahau.
Nikaandika humo, kwa herufi ndogo: Nafula?
Nikalifuta jina.
Nikabakiza alama ya kuuliza.