Kiasi Juu, Asili Chini

Nilizoea kusema mbele yake,
nikikoroga mlenda, bila hata kugeuka:
"Mimi hesabu zilinishinda, mwanangu,
na bibi yako zilimshinda."
Nikasema kama mtu anayetaja ukoo,
kama mwanya wa meno tuliorithishana.
Nyemo naye akarithi. Kwa nini asirithi?
Mali nyingine nilimpa ipi?

Mwezi wa saba hapa Handali
upepo unapepeta wenyewe, hata usipoushikia ungo.
Daftari lake sikulifungua mimi.
Upepo ulilifungua, nikaona:
nusu jumlisha theluthi,
na jibu lake, mbili ya tano.
Juu yake mkasi wa wino mwekundu.

"Umepataje?"
Sikuwa na hila. Sikuwa na jibu pia.
Akatazama vidole vya miguu,
maana mtoto akiulizwa amepataje
hujua tayari amekosa.
"Kiasi na kiasi, mama. Asili na asili.
Juu kwa juu, chini kwa chini."

Asili. Neno hilo nalijua.
Asili yangu Mvumi, ya baba yake ng'ambo ya korongo.
Sikujua kwamba hata namba zina kwao,
na kwamba wa kwao tofauti
hawachanganywi hivi hivi, bila mshenga.

Nikavuta debe la uwele tuliopura juzi.
Debe letu ni visado vitano;
hilo mwanamke wa gulioni analijua usingizini.
"Mbili ya tano ni visado viwili, siyo?"
Akaitikia. Nikavimimina kwenye ungo.
"Haya, nusu ya debe?"
Akapima kimoja, cha pili, akasita,
akajaza cha tatu hadi katikati,
akakisawazisha kwa kiganja
vile vile nisawazishavyo mimi.
Tukayatazama malundo mawili.
Kuku naye akayatazama.
Nusu peke yake, kabla ya kuongezewa punje,
ilikuwa imeshalipita jibu.

"Mama," akasema polepole,
"nimejumlisha, ikapungua."

Baba yake ng'ombe hawahesabu.
Huingia zizini jioni akauliza,
"Yule wa doa shingoni yuko wapi?"
Miaka yote nilidhani huko si kuhesabu.

"Sasa jibu lenyewe ni ngapi?"
Midomo yangu ilishajipanga kusema lile la siku zote.
Nikalimeza.
"Sijui. Theluthi ya visado vitano sijawahi kuuza."
Akacheka. Nikacheka. Tukamwaga debe zima kwenye gunia,
tukagawa mafungu matatu, konzi kwa konzi,
tukimfukuza kuku, tukikosea, tukirudia,
ugali ukaungua chini, baba yake akala kimya.
Fungu moja tukaliongeza kwenye ile nusu
tukapima tena kwa taa ya sola:
visado vinne, na konzi chache zikabaki sakafuni.

Vinne na konzi chache.
Hiyo inaandikwaje? Nani juu, nani chini?
Nyemo akaandika hivyo hivyo, chini ya mkasi,
kwa penseli ya urefu wa kidole gumba:
*Visado 4 na konzi chache. Mwalimu, inaandikwaje?*
Nilitaka kumwambia afute.
Mwalimu Haule ana watoto tisini na mmoja
na chaki anazokata vipande ili zifike Ijumaa.

Daftari limerudi jana.
Hakuna mkasi, hakuna vema.
Kuna maneno mawili tu: *Lete debe.*

Basi uwele nimeumimina kwenye sufuria zote za nyumba,
hata ile ya mboga.
Asubuhi hii debe limekwenda shule kichwani mwa Nyemo,
kisado ndani yake kikigonga kila hatua;
majirani wametoka milangoni kuuliza kuna nini.
Wanasema debe tupu haliachi kuvuma.
Acha livume.