Usizime

Tukuyu haijaamka. Ukungu umeshuka hadi usawa wa bati,
na mashine ya ushirika iko mezani, tumbo wazi,
feni yake imeshiba vumbi la majani ya chai.

Bi Tusekile aliileta juzi, imefungwa kwa khanga:
"Prosesa mpya, nimeinunua Mwanjelwa, lakini haiwaki.
Na Ijumaa wakulima wanataka pesa yao."

Haiwaki kwa kuwa haimjui mgeni.
Bayosi iliyomo ni ya zamani,
ilifundishwa majina ya wageni wa mwaka ule;
huyu hayumo kwenye orodha,
basi inakaa mlangoni kimya,
haikaribishi, haifukuzi.

Kwanza nilijiuliza swali ambalo fundi mwenye njaa hajiulizi:
lazima?
Nikairudisha prosesa ya zamani. Ikawaka, ikahema,
ikafungua daftari la kilo
kama lori la ndizi likiutafuta mlima wa Isongole.
"Dakika ishirini, mkulima mmoja," akasema.
"Nao ni mia tatu. Hesabu mwenyewe."
Nikahesabu.
Lazima.

Lakini nina deni na mbao hizi.
Mwaka nilioanza kazi, Kiwira, mashine ya shule:
asilimia sitini na tatu, na umeme ukakata kauli.
Haikuwaka tena, hata kile kitaa cha mbele.
Niliilipa kwa magunia manne ya viazi vya mama,
na mama hakuuliza bayosi ni nini.
Aliuliza: "Hukuweza kungoja mvua ipite?"

Kwa hiyo sasa nasoma.
Lwitiko ameshika tochi, mimi nimeinamia ubao.
Si jina la kwenye boksi; boksi husema lolote.
Hapa, chini ya kadi, maandishi madogo kama chawa:
toleo moja nukta mbili.
Na faili niliyopakua usiku: moja nukta moja.
Jina lile lile, ukoo mwingine.
Nimeifuta. Nimepakua upya, bando limeisha katikati,
Lwitiko amekopa la kumalizia.
Hesabu za chai ziko kwenye diski kabatini,
ufunguo uko shingoni mwa Bi Tusekile.
Betri ya yu-pi-esi tumeijaribu: tulichomoa waya ukutani
tukanywa chai kikombe kizima, ikasimama.
Na jirani Gwamaka nimemwomba asiwashe kinu.
"Kwani mnapasua mtu?" akauliza.
Sikujua nimjibu nini.

Nabonyeza.
Kioo kinaonya kwa lugha yake, Lwitiko anatafsiri kwa sauti:
Usizime.
Neno hili letu halichagui.
Usizime, unaambiwa mkono wangu.
Usizime, inaambiwa nguzo iliyoinama kule barabarani.
Usizime, kinaambiwa hiki chenyewe kinachoandikwa upya,
ambacho dakika hii kimesahau jana
na kesho hakijafundishwa.

Kumi na mbili. Thelathini.
Mvua inaanza, kwanza kwa Gwamaka, kisha juu yetu.
Sitini na tatu
inakaa pale,
inakaa,
nasikia harufu ya viazi.
Sitini na nne.

Mia. Halafu giza.
Inajizima, inajiwasha, inajizima tena,
na mkono wa Lwitiko umeshafika kwenye swichi
nikaudaka hewani kama kuku.
"Iache. Inajitafuta."
Bi Tusekile alikuwa ameinama anasali, au anafunga kiatu.

Ikajipata.
Tukaizima wenyewe, kwa adabu, tukabadilisha prosesa,
na jina la mgeni likatokea kwenye kioo bila kosa la herufi.

Umeme haukukatika siku ile.
Ulikatika kesho yake, saa tatu asubuhi,
magimbi yetu yakiwa jikoni nusu mbichi,
na kinu cha Gwamaka kikanyamaza na debe la mtu mdomoni.