Barua Isiyorudi

Usiku ule wa Januari mtambo wa kupasha maji
wa mji wetu, Tartu, uliacha kutii.
Mkono wa mbali, usio na jina,
ulikuwa umeshika usukani.
Nje, nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri.
Wodini, watoto njiti katika visanduku vyao vya kioo,
na mabomba yanapoa, bomba baada ya bomba.

Idhini ilifika saa tisa kasoro robo:
ukurasa mmoja, sahihi moja, muda wa saa sita.
Mimi ndiye niliyebonyeza.
Tukafunga nusu ya mtandao wa mji
kama mtu afungavyo bomba lililopasuka,
tukafungua kila kilichopita, tukapekua,
na kabla hakujapambazuka tukamkuta mdudu
amejikunja ndani ya ankara ya saruji.
Maji yakapata moto. Watoto wakalala.
Sijutii. Naomba hilo liandikwe kwanza.

Lakini atafutaye sindano hupapasa godoro zima,
na mkono wangu ukagusa kitu cha jirani.
Urmas wa ghorofa ya chini,
tunayepokezana naye kumwaga chumvi kwenye barafu ya ngazi,
kila usiku humwandikia Leida barua pepe.
Leida tulimzika mwaka juzi.
Humweleza bei ya siagi, ukaidi wa paka, goti lake.
Na kila usiku barua hurudi:
anwani haipatikani.
Sikusoma zaidi ya mistari minne.
Minne ni mingi.

Bibi yangu Helve alikuwa na dada aliyepelekwa Siberia.
Barua zao zilipita kwanza
juu ya mvuke wa birika la ofisi fulani;
gundi ilirudishwa vibaya,
bahasha ikafika imejikunja kama jani la kabichi.
Basi wakajifunza kuandikiana habari za viazi.
Miaka kumi na mmoja, viazi tu:
viazi vimeota, viazi vimeoza,
viazi ni vidogo mwaka huu.
Dada alipofariki, Bibi hakujua
kama aliwahi kumpenda mtu kule.
Hakuna aliyewakataza kusema.
Walijua tu kwamba kuna pua juu ya birika.

Sasa bunge lina mswada.
Ule ukurasa mmoja usiwe na saa sita,
usiwe na saa kabisa.
Mkuu wangu Tõnis, mtu mwema,
anayetuletea mikate ya iliki zamu za usiku,
ananiambia: "Wewe ulikuwepo. Waeleze watoto wangekufa."
Wangekufa, ndiyo.
"Na asiye na la kuficha anaogopa nini?"
Namtazama. Choo chake kina komeo,
wala hatujawahi kumuuliza anaficha nini humo.

Maoni yangu nimeyaandika mara tano, nimeyafuta mara nne.
Tuachieni nguvu ile, nimeandika,
mwizi hangoji mahakama ifunguliwe.
Lakini hakimu naye apewe simu, na asilale.
Saa ziwepo, na zikiisha, mlango ujifunge wenyewe.
Na kila tuliyempekua aambiwe, japo baada ya mwaka:
siku fulani tulipita chumbani kwako
na viatu vyetu miguuni.
Nikifika hapo kalamu inagoma,
maana wa kwanza kuambiwa ni Urmas.

Jana tulikutana ngazini. Alikuwa na koleo begani,
na uso ambao sijauona tangu mazishi.
"Unajua," akasema, "wiki ile ya baridi kali
kuna barua yangu moja haikurudi."
Hakusema ni ya nani. Hakunipa jina.
Jina nilikuwa nalo, na paka, na goti,
na nilijua nani alikata njia ya kurudia.
"Labda ilifika," akasema.

Nikachota chumvi, nikaanza kumwaga,
kidato kimoja, kisha kingine,
nikamwambia viazi vimepanda bei.