Kifundo

Neno ni moja, kifundo,
na lugha imelifunga mara mbili:
pale mguu unapoungana na wayo,
na pale kamba inapokataa kufunguka.
Changu kilifungwa Jumapili, saa kumi na kitu,
kwenye mteremko wa Himbi, watu wakitoka misa ya pili.

Rola nilizinunua Birere, namba arobaini na moja.
Mguu wangu ni thelathini na nane.
Nafasi iliyobaki nilijaza vitambaa,
kitenge cha harusi ya shangazi, chenye ndege wa kijani,
ndege watatu kila kiatu, nikiwakanyaga wiki nzima.
Muuzaji alisema: mguu utakua.
Haukukua. Uliota malengelenge.

Mji huu ulimwagiwa jiwe likiwa bado uji,
likaganda kabla mtu hajafikia amina.
Tumelijengea kuta, tumelikalia, tumelipandia maua.
Lami ni ukanda tu,
kama utepe kwenye gauni lililochakaa,
na sisi wa magurudumu
tunaishi juu ya utepe.

Muhindo alikuwa mbele, ameshika mkia wa chukudu,
magunia manne ya makaa, na mwenye chukudu anatukana bila hasira.
Mimi nyuma, magoti nimekunja,
upepo wa ziwa umenijaa kooni.
Kisha koro moja. Dogo. Halizidi punje ya haragwe.
Gurudumu likasema hapana.
Mwili ukaenda, mguu ukabaki.
Nikasikia ka!
kama kijiti kinachovunjwa cha kuwashia mbabula.

Muhindo akacheka, kisha akaacha kucheka,
na hapo ndipo nilipoogopa.

Nyumbani nikasema: niliteleza bombani.
Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema,
lakini hawakusema afanyeje
aliyejikwaa vyote kwa siku moja.
Mama akautazama mguu, rangi ya mbilingani, umejaa hadi vidoleni.
Akauliza swali moja tu:
«Bidoni iko wapi?»

Maji ya moto, chumvi, kimya.

Usiku kifundo kina moyo wake, kinadunda.
Asubuhi hatua ya kwanza ndiyo ghali,
ya pili unakopa,
ya tatu unashika ukuta.

Kwa Papa Ndoole, anayenyoosha viungo,
benchi ni la mbao na foleni haina aibu.
Beki wa Katindo, kisigino kimekaza kama waya.
Nsimire wa karate, dole gumba limekataa kukunjika.
Na mwenye chukudu, si yule wangu, mwingine, mzee kidogo,
wayo wa kulia umepasuka kama udongo wa kiangazi:
ndio anaosukumia, tangu Kibumba, miaka kumi na tisa.
Akaniuliza: «Wewe ulikuwa unapeleka nini?»
Nikasema: sikuwa napeleka kitu.
Akafikiri. Hakucheka.
«Basi uzito wote ulikuwa wako.»

Sijui kama lilikuwa karipio.
Nimelibeba hadi leo, nalo linachechemea pamoja nami.

Papa Ndoole amenipa kazi:
nikae, ninyanyue mguu,
niandike alfabeti hewani kwa dole kubwa,
herufi zote, asubuhi na jioni.
A inapita. E inapita.
Ch naichora polepole, kwa heshima ya chukudu.
K ndiyo inayouma, ule mkono wake wa juu
unaotaka wayo ugeuke nje.
Naiacha. Nairudia. Dada yangu anasema mwandiko wangu wa mguu
ni mzuri kuliko wa mkono.

Rola ziko uvunguni, nilizificha mwenyewe,
gurudumu moja bado limeng'ata koro lake.
Sijazigusa.
Ila jana nilichungulia dirishani
nikaona kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na sare ya shule,
vitambaa sita vimefuliwa, vimebanwa kimoja kimoja,
ndege wa kijani wakikauka kwa upepo.
Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele.
Hakuinua kichwa.