Hodi Moja

Saa nane za usiku, msituni nje ya Ventspils,
dishi letu limeikodolea macho nyota
isiyojua kwamba yuko Velga
mwenye soksi mbili mbili, anahesabu kilichopotea.

Pakiti elfu kumi na mia nne. Jana elfu tisa.
Ilmārs, kwa simu toka Riga: "Nunua kadi nyingine."
Kadi ni mpya, Ilmārs. Gigabiti mia kwa sekunde,
bado inanuka kiwanda.
Hata draiva haina kosa. Inafanya ilivyoagizwa
na mtu asiyenijua, aliyeiwekea vipimo
vya kumfaa kila mtu,
yaani visivyomfaa yeyote.

Nilianza na fremu. Baiti elfu moja na mia tano:
kuhamisha ghala la shayiri kwa kijiko cha chai.
Nikaandika elfu tisa.
Swichi ya katikati haikuambiwa. Ikazimeza kimyakimya,
kama mtu anayetikisa kichwa na hajasikia neno.
Nikairudia, nikaiambia nayo.

Kisha pete, ile duara ya nafasi
pakiti zinamongojea kuchukuliwa.
Mia tano na kumi na mbili. Nikaivuta hadi elfu nane na ushei,
nikajiona fundi.
Hasara ikashuka, ikatulia dakika nne, ikapanda.
Pipa kubwa huchelewesha mafuriko tu.

Basi, hodi.
Kila pakiti ifikapo, kadi hubisha,
na prosesa huacha lililo mkononi, huenda mlangoni,
hurudi, husahau lilikuwa lipi,
hodi,
huenda tena, hodi, hodi,
laki tatu kwa sekunde
na hakuna mgeni aliyepewa kiti.

Naijua hali hiyo. Baba yangu, kule Liepāja,
tangu Mama afariki:
Velga, mfuniko wa birika hauonekani.
Velga, hii barua ya umeme.
Velga, theluji imeanza.
Mwezi wa kumi nikamwambia: Baba, yakusanye,
unipigie mara moja, jioni.

Draiva nayo huambiwa hivyohivyo.
Ngojeaneni mlangoni, mbishe hodi moja.
Nikaandika mikrosekunde mia mbili na hamsini.
Prosesa ikapumua.
Ila saa inayotulinganisha na madishi ya wenzetu ikayumba:
habari zilifika zote, zimechacha.

Na Baba, jioni ile, karatasi mkononi, nasikia ikikwaruza:
"Lilikuwepo la nne. Limenitoka."
Akanyamaza. "Halikuwa kubwa."

Nikashusha. Mia. Sitini.
Hapo ndipo nikaona lililokuwa wazi tangu Jumatatu:
kadi imechomekwa upande wa prosesa ya kwanza,
na hodi zake zote zinaitikiwa na ya pili, ng'ambo ya ubao.
Pakiti ilivuka daraja kuomba ruhusa
ya kuingia nyumba iliyokuwa imeiegemea.

Nikazirudisha hodi kwao. Viini vinane,
kila foleni na bawabu wake.
Mikrosekunde thelathini na mbili.
Pete nikaipunguza nusu, na aibu kidogo.

Saa kumi na mbili asubuhi: zilizopotea, tatu.
Ilmārs atauliza mbona si sifuri.
Sina jibu. Labda kebo, labda baridi,
labda hizo tatu hazikutaka kuja.

Mwongozo una njia nyingine, ukurasa wa nyuma,
na onyo kwamba inakula umeme:
prosesa isisubiri kubishiwa.
Iende yenyewe mlangoni, ichungulie,
hata kama hakuna mtu.

Sikuiwasha. Nilivaa koti,
nikatoka kwenye theluji, nikatafuta namba ya Liepāja.
Iliita mara sita.
"Velga? Kuna nini?"
Hakuna kitu, Baba.
Lile la nne.