Barafu ya Kakukuru

Lushinge, jana umeniuliza tena, umeshafunga kompyuta,
vidole bado vina mafuta ya sato:
ya nini kujisumbua na akili mnemba,
na sisi ugali wetu ni programu za mizani na risiti?
Sikukujibu. Umeme ulikatika,
nawe ulikuwa unawahi kivuko cha Kamanga.

Sasa sikiliza.

Miaka sita kiwandani Igogo nilikuwa mtu wa 'kama' na 'basi'.
Kama sangara hafiki sentimita hamsini, basi arudi.
Kama amepita themanini na tano, basi arudi vilevile.
Kila amri niliifunga kwa mkono wangu, fundo kwa fundo,
na mtu akija na malalamiko
nilimwekea kidole kwenye mstari: hapa, mama. Ni hapa.
Tuligombana, lakini juu ya kitu kinachosomeka.

Halafu ikaja kamera.
Ilikuja ndani ya sanduku la sponji, kama yai,
na fundi wake akakaa siku mbili hotelini, akaondoka.
Ikawa inamtupia samaki jicho moja tu
na kutema namba: tisini na nne kwa mia, mzima.
Kumi na moja kwa mia, ameharibika.
Meneja akaipenda. Haiombi likizo, haina shemeji mwaloni.

Nyanjura akashuka na shehena kutoka Kakukuru,
sangara mia mbili na wanane, wa usiku uleule,
mashavu mekundu kama pera lililopasuliwa.
Kamera ikasema wameoza. Wote.
Akanigeukia mimi, mwenye kompyuta:
"Mbuke, nani kanikatalia?"

Nikafungua msimbo nitafute mstari wa kuuwekea kidole.
Hapakuwa na mstari.
Palikuwa na namba, milioni kadhaa,
wavu uliojifunga wenyewe gizani,
na mimi, fundi wa mafundo, nimesimama na sindano mkononi
sijui hata pa kuichomeka.
Nikamwambia, "Mashine ndiyo imesema."
Sentensi ile ilinuka kuliko samaki yeyote.
Akauza kwa bei ya mapanki.

Ndipo nikaanza. Chumbani Bugando, feni ikikoroma,
uwezekano, matriki, mteremko wa makosa,
hesabu nilizozikimbia sekondari zikanikuta mtu mzima.
Wiki ya tatu nililia, usimwambie mtu.
Mwezi wa tano nikazichukua picha za siku ile,
nikawa naziba kipande kimoja kimoja kwa kiraka cheusi
na kuiuliza kamera upya.
Nikaziba jicho: ameoza.
Nikaziba mashavu: ameoza.
Tumbo, mkia, mapezi: ameoza, ameoza.
Nikaziba barafu.
Mzima.

Barafu, Lushinge!
Walioifundisha waliionyesha samaki wazima
juu ya barafu nyeupe ya viwandani, wabovu juu ya mbao chafu.
Ya Kakukuru hugandishwa kwa maji ya ziwa, ina ukijani wa mwani.
Miezi yote ile haikuwahi kumtazama samaki.
Ilikuwa inatazama godoro alilolalia.

Nikampigia Nyanjura. Alicheka, akanyamaza muda mrefu,
kisha akauliza kama fedha yake itarudi.
Haikurudi.

Wapo watakaokuambia usome usije ukapoteza kazi.
Huenda ni kweli, sijui.
Mimi nilichopoteza siku ile ni jibu,
na mtu aliyeniuliza alikuwa amesimama mbele yangu
maji ya barafu yakimchuruzika hadi kwenye ndala.

Juzi imefika kamera ya pili, ya kupanga madaraja ya mabondo.
Bado iko ndani ya sponji yake.
Njoo Jumamosi. Daftari linatosha.
Njoo kabla hawajaifungua.